Nyama ngumu ya Eldoret haitaki vidonge, yataka moto mdogo

Kuna kibanda kimoja hapa Eldoret, jina lake nitalihifadhi, ambako nilizoea kula tambi kwa mchuzi wa nyama kila Ijumaa mchana. Nyama yake ilikuwa laini ajabu, haikuhitaji meno. Siku moja nilipita hapo mapema, yapata saa nne na nusu, nikamkuta mpishi ndiyo kwanza anaikata. Ilikuwa nyama ya mguu, nyekundu, imejaa kano na utando mweupe. Saa sita kasorobo ilikuwa tayari mezani, laini kama ndizi mbivu.

Mimi nimekulia katika mji huu. Najua nyama ya namna hiyo haiivi hapa kwa muda wa saa moja, si kwa sufuria ya kawaida. Nilipomwuliza kijana aliyekuwa akipakua, alicheka akanijibu, "Mzee, hizo ni siri za jikoni." Nililipa, nikaenda zangu, na tangu siku hiyo sijarudi.

Msomaji, sina ushahidi wa kilichotiwa katika sufuria ile. Huenda ni magadi. Huenda nyama nyingine ilichemshwa usiku uliotangulia. Lakini kwa miaka mingi vyombo vya habari humu nchini vimekuwa vikieleza kuhusu wapishi wanaotia vidonge vya parasetamoli katika nyama na maharagwe ili viive upesi. Na mteja anapoambiwa kwamba kilichomo katika sahani yake ni siri, ana haki ya kuogopa.

Parasetamoli ni dawa nzuri kwa mwenye homa au maumivu ya kichwa. Kipimo chake kwa mtu mzima hakipaswi kuzidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Kikizidi, kinachoumia ni ini, na ini linaweza kuharibika kabla mgonjwa hajahisi lolote la kumtisha. Katika sufuria ya mchuzi nani anayehesabu vidonge? Na je, mlaji aliyekwisha kumeza viwili nyumbani kwa sababu ya mafua, au mwenye ini dhaifu kwa ajili ya pombe, au mtoto wa miaka minne aliyeketi kando ya mamake akila sahani hiyo hiyo?

Magadi nayo wengi huyaona kuwa jambo la kawaida kwa sababu bibi zetu waliyatumia katika mboga za kienyeji. Kweli yanalainisha. Lakini magadi yana sodiamu nyingi, sawa na chumvi, na huharibu vitamini B1 iliyomo katika chakula. Ukiongeza juu yake vile vipande vya kiungo vinavyouzwa katika karatasi, ambavyo mara nyingi kitu cha kwanza kuandikwa kwenye pakiti ni chumvi, utakuwa umempa mlaji chumvi mara tatu katika mlo mmoja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne hapa Kenya ana shinikizo la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua.

Naamini chanzo cha mambo haya yote ni haraka. Na hapa kwetu haraka hiyo ina sababu ambayo watu wachache huifikiria.

Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, ndiyo maana wanariadha huja kufanyia mazoezi huku, na ndiyo maana pia maji yetu huchemka mapema. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100 za joto. Hapa huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Watu hudhani kwamba maji yanayochemka ni maji yanayochemka, basi. Sivyo. Maharagwe yanayoiva Mombasa kabla ya adhuhuri, hapa yanaweza kumfanya mama akose ibada ya mchana. Nyama ni vivyo hivyo.

Sasa, mpishi mwenye haraka hufanya nini? Huongeza makaa. Huyapepea mpaka sufuria inatoa mvuke kama gari la moshi likipanda Timboroa. Lakini maji yakishaanza kuchemka hayazidi tena zile nyuzi 93, hata uwashe moto wa namna gani. Unachoongeza ni mvuke tu, na mvuke huo ni makaa yako yanayopaa kupitia dirishani. Nyama ndani haioni tofauti yoyote, ila inarushwarushwa na kukauka. Mpishi akichungulia baada ya saa moja akaikuta bado kama raba ya kiatu, ndipo mkono wake unapoelekea kwenye magadi.

Lakini nyama hii ngumu haihitaji nyuzi 100. Ugumu wake unatokana na kano na utando unaoshikilia misuli ya mnyama anayetembea sana. Utando huo huanza kuyeyuka ukipata joto la nyuzi 70 na zaidi, ukageuka kuwa ute ule mzito unaofanya mchuzi ushike midomo. Kinachotakiwa ni muda: saa tatu, wakati mwingine nne. Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu hatuna sababu ya kulalamika. Joto tulilo nalo linatosha na kubaki. Tunachokosa ni subira, na subira haiuzwi dukani.

Niliyajifunza haya si kwa mwalimu wa sayansi bali kwa jirani yangu, mama mmoja wa Kisomali. Mwaka juzi aliniletea bakuli la tambi ndefu, zile ambazo vijana wetu huziita spageti, zikiwa na mchuzi mwekundu wa nyama uliokolea, na ndizi mbivu kando. Nikala nikashangaa. Kesho yake nilipomrudishia bakuli nikamwuliza, "Mama, nyama hii umeitia nini hata ikawa laini hivi?"

"Nimeitia asubuhi nzima, mwanangu," akanijibu. Kisha akanikaribisha jikoni nione.

Wasomali huuita mchuzi huo suugo, na tambi huziita baasto. Maneno yote mawili yana asili ya Kiitaliano, kwa maana Waitaliano walitawala sehemu ya kusini ya nchi hiyo tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi mwaka 1941, wakarudi mwaka 1950 kama wasimamizi mpaka uhuru wa mwaka 1960. Wakoloni walikwenda zao, sufuria ikabaki. Mama huyo hutia bizari ya nyumba yake, yenye jira, giligilani, iliki na mdalasini, vitu ambavyo Mwitaliano wa Bologna asingevitambua. Huko Bologna kwenyewe mapishi ya mchuzi huu yaliwekwa rasmi mwaka 1982 katika chemba ya biashara ya mji, kana kwamba ni hati ya shamba, na ndani yake mna jambo lililonifurahisha mno kama mkazi wa Uasin Gishu: mna maziwa.

Nasema hivi kwa sababu najua wapo wasomaji ambao watasema hiki ni chakula cha wageni. Ndugu zangu wa pwani hula tambi tangu zamani, tena kwa sukari, nazi na iliki, hasa mwezi wa Ramadhani. Ngano inalimwa hapa Uasin Gishu tangu siku za walowezi. Nyama, maziwa, karoti, vitunguu na nyanya vyote vinapatikana soko kuu. Sioni mgeni ni nani hapo.

Basi tuingie jikoni. Kwa watu sita, nunua nusu kilo ya muundi, ile nyama ya mguu, au ya shingo. Usikubali kusukumiwa steki. Steki haina utando wa kuyeyuka, kwa hiyo ukiipika muda mrefu itakauka kama ubao, na isitoshe utakuwa umelipa zaidi. Tazama kama nyama ina muhuri wa mkaguzi. Tena usidanganywe na wekundu peke yake. Mwezi wa Julai mwaka 2019 kituo cha runinga cha NTV kilionyesha jinsi baadhi ya maduka makubwa yalivyokuwa yakitia nyama kemikali ya jamii ya salfaiti ili ionekane mbichi kwa siku nyingi. Kemikali za aina hiyo zinaweza kumletea shida kubwa mwenye pumu. Ukitaka nyama ya kusaga, chagua kipande chako mwenyewe kisha kisagwe ukiona. Mimi hupendelea kuikata kwa kisu vipande vidogo kama punje za mahindi. Kazi ni ndefu lakini najua ninachokula.

Nusu kilo kwa watu sita inaweza kuonekana kama uchoyo katika mji huu wa nyama choma, ambako mwanamume huagiza kilo nzima akiwa na rafiki mmoja. Hapa lazima niseme ukweli utakaowaudhi baadhi ya marafiki zangu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanaoshughulikia saratani walitangaza mwaka 2015 kwamba nyama nyekundu huenda inachangia ugonjwa huo, hasa ikiliwa kwa wingi, na washauri wa lishe hupendekeza mtu asizidi gramu 350 hadi 500 za nyama iliyopikwa kwa wiki nzima. Kilo ya Jumamosi jioni, hata ikigawanywa kwa watu wawili, imekwisha kumaliza mgao huo kabla ya Jumapili. Uzuri wa mchuzi wa moto mdogo ni kwamba nyama kidogo inasikika katika kila tonge. Mlaji hahisi kuwa amepunjwa.

Pasha vijiko viwili vya mafuta katika sufuria nzito. Tia nyama bila maji, uiache ikauke na kushika rangi ya kahawia. Usiharakishe hatua hii. Ndiyo pekee ambapo nyama inapata joto linalozidi lile la maji, na ladha yote ya mchuzi hutoka hapo. Iondoe. Katika mafuta yale yale tia vitunguu viwili vilivyokatwakatwa na karoti mbili zilizoparuzwa, na mabua mawili ya seleri ukiyapata. Viache vilainike polepole, kwa robo saa. Rudisha nyama, tia kitunguu saumu, pilipili manga, kijiti cha mdalasini ukipenda, na nyanya 8 zilizoiva vizuri, zilizomenywa na kupondwa. Nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, mwili hupata kwa urahisi zaidi kile kitu chekundu kilichomo ndani yake ambacho wataalamu hukisifu. Maji nusu kikombe yanatosha.

Yakianza kuchemka, punguza moto. Namaanisha punguza kabisa. Mchuzi usitokote, utoe povu moja hapa, jingine pale, kama mtu anayesinzia. Funika, acha upenyo mdogo. Koroga kila baada ya nusu saa na ukikauka ongeza maji ya moto kidogo, kamwe usitie ya baridi. Baada ya muda wa saa mbili tia kikombe kimoja cha maziwa. Yatafanana na kitu kilichoharibika mwanzoni, usishtuke, yatajichanganya. Maziwa huondoa ukali wa nyanya, na watoto wanaokataa nyanya watakula. Chumvi tia mwishoni, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima. Mchuzi ukiwa umepungua maji, chumvi kidogo husikika sana. Ukiitia mwanzoni utajikuta umezidisha.

Kwa tambi, nusu kilo inawatosha watu hao sita. Muda ulioandikwa kwenye pakiti si wa Eldoret. Ongeza dakika mbili au tatu, halafu onja mwenyewe. Ukipakua, weka kando kachumbari au managu, na chungwa baada ya chakula, kwani sehemu kubwa ya vitamini C ya nyanya imepotea katika kupika kwa muda mrefu, na vitamini hiyo ndiyo husaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika mboga.

Sasa nafika kwenye swali ambalo mama wa nyumbani ameshaniuliza moyoni: makaa ya muda wa saa tatu na nusu atayalipia nani? Na gesi je?

Swali hilo ni la haki. Tena lina upande wa afya ambao ni mzito kuliko wa fedha. Mwezi wa Julai, baridi ya huku inapouma na mvua inanyesha kila alasiri, watu wa Langas na Huruma huingiza jiko la makaa ndani, hufunga mlango na dirisha, na kupika huku wakiota moto. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Humfanya mtu aumwe na kichwa, asinzie, na wengine hawaamki. Mtu akikuambia uache mchuzi juu ya jiko la makaa saa tatu ndani ya chumba kimoja mnacholala, mkatae, hata kama ni mimi. Jiko la makaa liwe nje au barazani, ama mlango na dirisha viwe wazi kabisa, baridi au si baridi.

Ndiyo maana mimi nimerudi kwenye kapu. Wasomaji wa umri wangu watalikumbuka. Maafisa wa nyumbani na vikundi vya akina mama walikuwa wakilifundisha katika mikutano. Ni kapu la kawaida lililojazwa matambara, sufi au nyasi kavu na kufunikwa kwa mto mzito. Unachemsha mchuzi wako juu ya moto kwa dakika 45, sufuria ikiwa imejaa na kufunikwa vizuri, kisha unaitumbukiza kapuni na kuifunika. Joto haliponyoki. Nyama inaendelea kuiva bila moto kwa muda wa saa tatu au nne, hakuna moshi, hakuna wa kukoroga, wala hakuna kuungua. Kisha unairudisha jikoni ichemke tena vizuri kwa dakika kumi kabla ya kula. Usiruke hatua hiyo. Kwa kuwa maji yetu huanza kwenye nyuzi 93, chakula cha hapa hufikia uvuguvugu mapema kuliko cha Mombasa, na uvuguvugu ndio vijidudu huupenda. Sufuria ndogo iliyojaa nusu tu usiiweke kapuni, itapoa upesi mno.

Wenye sufuria ya presha watanicheka. Dakika 40 na nyama imeiva, kwa sababu ndani ya chombo hicho maji huzidi nyuzi 100. Sina ugomvi nao. Ni njia salama na inaokoa gesi, ingawa mchuzi hutoka mwepesi na inabidi kuuachia wazi ukauke baadaye. Ugomvi wangu ni na vidonge.

Kuna neno pia kwa akina baba. Nimesikia ikisemwa kwamba mapishi ya namna hii yanamwongezea mama kazi, na ni kweli ikiwa mama ndiye peke yake anayejua jikoni ni wapi. Lakini huu ni mchuzi unaohitaji mtu wa kuwapo tu, wala si wa kuhangaika. Mwanamume anayeweza kuketi mbele ya runinga kutazama mbio za marathoni tangu mwanzo hadi mwisho, saa mbili na zaidi, anaweza kuinuka mara nne akakoroge. Mimi hufanya hivyo siku za Jumamosi, na hakuna aliyenivua uzee wangu.

Mwisho ni habari ya masalio. Kwa kuwa usiku wa Eldoret ni baridi, watu wengi huacha sufuria mezani mpaka asubuhi wakidhani baridi hiyo ni friji. Sufuria kubwa ya mchuzi mzito hupoa polepole sana katikati, na wapo vijidudu ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, kisha huamka na kuzaana katika uvuguvugu huo. Matokeo yake ni tumbo la kukata na kuharisha siku ya pili, nasi humlaumu mwenye duka la tambi. Gawa mchuzi katika vyombo vidogo visivyo na kina, upoe na kuingia friji kabla ya saa mbili kupita. Usiokuwa na friji, pika wa kuliwa siku hiyo hiyo, na unaozidi mpelekee jirani ungali moto. Kwangu huenda katika bakuli lile lile la mama wa Kisomali. Juzi alilirudisha na maoni yake: mdalasini umezidi, na ndizi niliisahau.